Kisanamu chenye sarafu

Usiku wa mwisho wa Tamasha la Utamaduni wa Kiyahudi, mtaa wa Szeroka mjini Kraków, Polandi, ulijaa hadi pakakosekana pa kuweka mguu. Fidla na klarineti zilijibizana jukwaani. Mama mmoja wa Kipolandi akanishika mkono, akanivuta duarani. Nikacheza mpaka shati likalowa.

Wapo wanaoliona tamasha hili kama ngoma juu ya makaburi. Nawaelewa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Kraków ilikuwa na Wayahudi takriban 60,000, karibu robo ya wakazi wake. Wanazi waliwasukumia geto la Podgórze, eneo la kuwafungia Wayahudi ng'ambo ya mto, na Machi 1943 wakalimaliza: wengine waliuawa palepale, wengine wakapelekwa kambini. Leo Wayahudi wa mji huo ni wachache mno, na hata walioanzisha tamasha, mwaka 1988, hawakuwa Wayahudi.

Hata hivyo sioni kosa. Nimekulia Arusha, si mbali na Tengeru, walikohifadhiwa wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000 wakati wa vita hivyohivyo. Makaburi yao yapo mpaka leo, yanafagiliwa na kutunzwa, na sijasikia mtu akiuliza undugu wetu nao umeanzia wapi. Aliyefiwa na jirani hasubiri kuwa ndugu ndipo ashike jembe.

Kilichoniuma ni kingine. Hatua chache kutoka jukwaani niliingia duka la zawadi. Rafuni vimepangwa visanamu vya mbao: mzee wa Kiyahudi, ndevu ndefu, kofia nyeusi, mkononi sarafu halisi imegundishwa. Muuzaji akaniambia kwa uchangamfu kuwa kisanamu hicho huleta fedha nyumbani. Picha za mzee huyo pia zipo, huning'inizwa karibu na mlango, na Jumamosi hupinduliwa kichwa chini ili fedha zidondoke. Jumamosi, yaani siku yao ya Sabato!

Hapo mkono ulinifa ganzi. Huwezi kuwaimbia watu usiku, kisha mchana ukauza uzushi uleule kwamba Wayahudi wana tamaa ya fedha, uliotumika kuwachukiza kwa jirani zao. Wenye maduka ya Kazimierz, eneo hilo la zamani la Wayahudi, waviondoe visanamu hivyo, na sisi wageni tusivinunue hata kwa mzaha.

Nilikirudisha kisanamu rafuni, nikamweleza muuzaji sababu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakigeuza uso kikatazama ukutani.