Msitutumie makontena ya vitabu, tubadilishane

Hapa Berlin, kwenye mtaa wa Sredzkistraße, kuna magogo ya miti yaliyosimamishwa wima na kufungwa pamoja. Ndani yake wamechonga vishubaka, na kila kishubaka kina kifuniko cha plastiki cha kuzuia mvua. Humo mna vitabu. Magogo hayo yapo tangu mwaka 2008, na hayana mlinzi, daftari wala kufuli. Unachukua unachotaka, unaacha ulichokwisha kusoma, unakwenda zako. Siku ya kwanza nilisimama pembeni karibu robo saa nikiangalia wenzangu wanavyofanya, maana sikuamini kwamba kitu kizuri namna ile kinaweza kulala nje usiku na asubuhi kikakutwa palepale.

Mimi ni mtu wa Mtwara. Nimezaliwa Mikindani, nikakulia Chuno, na huku Ujerumani naingia mwaka wa 12 sasa. Nawaandikia hasa nyinyi wa nyumbani, Mtwara na Lindi, mnaopenda kusoma, ambao kila nikipiga simu mnaniambia neno lilelile: dada, huku hakuna vitabu. Neno hilo silikubali. Vitabu vipo. Vimefungiwa.

Chukueni sanduku la babu yangu. Babu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni yaliyoenea baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alipokwisha kujua kusoma hakuacha tena. Kila akiuza korosho alinunua kitabu: cha dini, cha kilimo, cha mashairi, riwaya za kipelelezi. Vingine alivitoa Ndanda, kwa wamisionari Wabenediktini, ambao wamechapisha vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Vyote alivitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda pamoja na vidonge vya nafthalini, akapiga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Ukimwomba kimoja anakujibu, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hakuwa mchoyo hata kidogo, chakula chake kililiwa na mtaa mzima. Ila aliwahi kuazimisha vitabu vitatu, vyote vikaenda moja kwa moja, na tangu hapo akaona bora vikae.

Alipofariki tulilifungua lile sanduku. Mnaijua hewa ya Mikindani, chumvi na unyevu. Kurasa zilikuwa zimegandana, na mchwa walikuwa wametoboa njia kutoka kitabu kimoja hadi kingine, kama watu wanaopita vyumba vya nyumba moja. Nilimlilia babu, kisha nikavililia na vile vitabu, kwa sababu nyumba za jirani zilikuwa na watoto ambao wangevisoma vyote.

Sanduku la namna hiyo lipo kwa mwalimu mstaafu wa Masasi, lipo kwa mama wa Nachingwea aliyefanya kazi ofisini zamani, lipo kwa kijana wa Ligula aliyemaliza chuo na vitabu vyake vimelala kwenye mfuko wa sandarusi juu ya kabati. Kila mmoja analalamika hana cha kusoma, na kila mmoja amekalia vitabu ambavyo mwenzake angevisafiria.

Halafu kuna makontena. Nilipokuwa kidato cha pili, shule niliyosoma ililetewa vitabu kutoka ng'ambo, maboksi kwa maboksi. Tulipangwa mstari, tukaimba, tukapigwa picha. Tulipoyafungua tukakuta vitabu vya sheria za kodi za nchi ya watu, miongozo ya kompyuta ambazo hata huko zilikuwa zimeshatupwa, na riwaya moja nene katika nakala nyingi mno, zote sehemu ya pili tu. Havikuwa vitabu vibaya, na waliovituma sidhani kama walikuwa na nia mbaya. Lakini hakuna aliyetuuliza tunasoma nini. Mwalimu aliviingiza stoo, na nilipomaliza shule nilikuwa nimemwona mtu mmoja tu aliyewahi kukisoma kimoja hadi mwisho. Waliotuma waliona mikono ya kupokea. Hawakuona kwamba hapo pamesimama wasomaji wanaopenda hiki na kukichoka kile.

Nilipofika huku ndipo nilipokutana na mtindo mwingine, na nilipouelewa nikaona ni upatu wa mama zetu kabisa. Kuna mtandao unaitwa BookMooch, ulianzishwa mwaka 2006 na John Buckman. Unaorodhesha vitabu vyako usivyovihitaji tena, na kwa kila kimoja unapata sehemu ya kumi ya pointi. Mtu akikiomba unamtumia kwa posta, gharama ni yako, nawe unapata pointi moja. Akiwa nchi nyingine unapata tatu. Pointi hizo unaombea kitabu kwa mtu yeyote aliyemo, si lazima yule aliyechukua chako. Cha ndani ya nchi ni pointi moja, cha kutoka nje mbili. Hakuna anayemlipa mwenzake kitabu. Kompyuta ndiyo kijumbe, inakumbuka nani katoa na nani kapokea. Mwanamke yeyote wa Mtwara aliyewahi kucheza mchezo wa upatu ataelewa hapohapo, ila huku kinachozunguka ni vitabu, na unayempelekea huenda usimwone maisha yako yote.

Nilichokipenda mno ni heshima iliyomo. Katika upatu hakuna maskini wa kudumu na tajiri wa kudumu. Ili upokee sharti utoe, na ukitoa, unayempa ana haki ya kukataa kama kitabu hakimfai. Wewe ndiye unayeomba jina la kitabu unachokitaka. Hakuna anayekuchagulia, na hakuna anayekupiga picha.

Niliingiza vitabu vitano vya Kiswahili nilivyokuja navyo. Ikapita miezi hata mmoja hajauliza. Iliniuma, siwafichi. Kisha siku moja akaniandikia mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Poland, anataka riwaya yangu moja, na barua yake ameiandika kwa Kiswahili cha darasani, kila sentensi imenyooka kama rula. Nilimtumia, nikaweka ndani karatasi ya kumweleza maneno matatu ya kimwambao ambayo kamusi yake isingempa. Nikapata pointi zangu tatu. Na moja kati ya hizo niliombea, kwa mtu wa Hamburg, kitabu cha zamani cha Kijerumani kuhusu uchimbaji wa Tendaguru.

Watu wa Lindi mnakijua kilima hicho, kaskazini magharibi ya mji. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, na mifupa hiyo ilibebwa na watu, kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Leo mnyama mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya hapa Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13, na mimi nimesimama chini yake mara nyingi nikisikiliza watoto wa Kijerumani wakishangaa. Kitabu kilipofika nilikaa nacho usiku kucha na kamusi. Majina ya vijiji vyetu yamo. Picha za wapagazi zimo. Nikafikiri: mifupa ilikuja huku, na habari za mifupa zikaandikwa kwa lugha ya huku, zikakaa kwenye rafu za huku. Mtoto wa Mtama au Mingoyo anayetaka kujua mababu zake walibeba nini anaanzia wapi? Kitabu kimoja cha Kiswahili kwenda, kitabu kimoja cha Lindi kuja. Kwangu mimi huko ndiko kubadilishana, na umuhimu wake nimeujua siku ile.

Sasa mtaniambia, dada, huko watu ni waaminifu, huku kitabu ukikitoa umekipa mkono wa kwaheri. Hapana. Watu wa huku hawatuzidi uaminifu. Nimeshawahi kuahidiwa kitabu kisije, na nimeshawahi kupokea kingine kimemwagiwa kahawa hadi kurasa za mwisho hazisomeki. Wanachotuzidi ni njia. Kila nyumba ina kisanduku cha barua mlangoni, na posta ina bei ya vitabu peke yake. Mwaka 2019 kitabu kisichozidi gramu 500 kilikwenda popote ndani ya nchi kwa yuro 1.90, bei imepanda tangu hapo, lakini bado mtu haoni uzito kutuma.

Nyumbani anwani yetu ni S.L.P., tena mara nyingi ya shule au ya kazini, na ukistaafu umeipoteza. Kwa hiyo anayetaka kuiga ya huku kama yalivyo atashindwa wiki ya kwanza. Lakini sisi tuna basi. Nani asiyejua kutuma mzigo kwa basi? Unafunga kifurushi kwa karatasi ya kaki na selotepu, unaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, unampa wakala, jioni mwenzako anapigiwa simu aende stendi. Mtwara hadi Lindi ni kilomita mia na ushee. Mizigo ya Masasi na Nachingwea inapishana pale njiapanda ya Mnazi Mmoja, mkoani Lindi. Nauli tunalipana kwa simu. Hata posta ya Ujerumani haifikishi kitabu siku hiyohiyo.

Mdogo wangu wa kiume alianza mwaka 2022, watu 11 kwenye kundi la WhatsApp. Wengi wao ni walimu na wauguzi, na yumo fundi cherehani mmoja wa Magomeni ya Mtwara anayesoma kuliko wote. Alichokosea mwanzoni ni kuacha kila mtu aazime kwa kila mtu, na baada ya miezi mitatu wakaanza kununiana. Ndipo mama yetu akamwambia, "Mwanangu, mchezo bila kijumbe ni ugomvi." Wakamchagua kijumbe, mama mmoja wa Shangani, hapohapo Mtwara, mwenye daftari lake. Kitabu kikishatolewa ni cha aliyepewa, hakidaiwi tena. Kinachodaiwa ni zamu. Umepokea viwili hujatoa, unasubiri. Picha ya jalada na ya ukurasa uliochafuka zaidi zinatumwa kabla, ili asidanganywe mtu. Tangu sheria hiyo ya kutodai iingie, ugomvi umekwisha kabisa. Nadhani ndiyo dawa ambayo babu hakuijua: alikuwa anaazimisha, na kuazimisha kunaacha deni kati ya majirani. Kubadilishana hakuachi.

Mambo hayanyooki kila siku. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar, kifurushi cha vitabu sita kilikwama njiani, na kilipofika viwili vilikuwa vimelowa. Msimu wa korosho ukifika kundi zima linanyamaza, kila mtu yuko shamba au ghalani. Ni sawa, watu wanakula kwanza.

Liko pia swali la waandishi, na hili nalichukulia kwa uzito. Kitabu kikipita mikono sita, mwandishi amelipwa mara moja. Waandishi wa Kiswahili wanapata kidogo, na hicho kidogo hawawezi kumudu kukipoteza. Kwa hiyo nilimwomba mdogo wangu waongeze sharti, na wamekubali: kila mwanachama, mara moja kwa mwaka, anunue kitabu kipya cha Kiswahili dukani na kukiingiza kwenye mzunguko. Maduka mengi ya Mtwara yanauza vitabu vya kiada na madaftari tu, hivyo wanachanga na kuagiza Dar kwa pamoja. Watu hao, kabla ya kundi, hawakuwa wakinunua chochote.

Na kuna kimoja ambacho huku sijakipata hata siku moja. Vitabu vyangu vya Berlin vinakuja kimya, bahasha na anwani, basi. Kifurushi cha kwanza alichopokea mdogo wangu kutoka Lindi kilikuwa na riwaya, pakiti ya korosho, na ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula kwetu, iliyofungwa kwenye gazeti. Nilipoiona ile picha niliweka simu mezani nikatoka nje kidogo.

Desemba nakuja. Nimewaambia kundini kwamba kitabu cha Tendaguru nakileta, na anayekitaka aseme. Akajibu mzee mmoja wa Mingoyo, mwalimu mstaafu, Kijerumani hajui, lakini kwao husimuliwa kwamba babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi wale, na anataka kuziona picha. Nikamwandikia, shikamoo mwalimu, chukua tu, ni chako. Akanijibu kwa sauti, polepole, kama yuko darasani: "Marahaba mwanangu. Bure sitaki. Nina viwili hapa, kimoja cha mashairi, kimoja cha Ndanda cha miaka ya zamani. Chagua."

Nimechagua cha Ndanda. Mdogo wangu atakipokea stendi, na nimemsihi akifunge kwenye nailoni mara mbili, maana mvua zitakuwa zimeshaanza.