Karanja Ilipofunga Gati Kilindini

Mtu aliyekaa jioni chini ya mibuyu ya Mama Ngina, na mihogo yake ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, hana haja ya kuambiwa kwamba meli kubwa inaingia. Feri za Likoni husubiri, boti ya rubani, yule anayeziongoza meli kuingia bandarini, hutangulia, na watu waliokuwa wakizungumza hunyamaza kidogo na kuelekeza macho kwenye mlango wa bahari. Siku hizi, ukifika msimu wa meli za kitalii, kinachopita mbele yetu ni jengo jeupe la ghorofa nyingi, roshani juu ya roshani, lililonyooka kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, kama lililopigwa rula. Vijana huinua simu zao wakapiga picha, na wana haki ya kustaajabu. Nami huiangalia mpaka ipotee upande wa Kilindini, lakini moyo wangu huwa umeshakwenda kwa meli nyingine, ambazo leo hazimo katika bahari yoyote.

Nazungumzia meli za abiria za miaka ya 1950 na 1960. Kulikuwa na Kampala na Karanja za kampuni ya British India, zenye dohani nyeusi iliyozungushwa mistari miwili myeupe, zilizotoka Bombay zikapitia Shelisheli, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Beira hadi Durban. Kulikuwa na Kenya na Uganda za kampuni hiyohiyo, meli mbili ndugu zilizojengwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1951 na 1952, zilizokuja kutoka London kwa njia ya Suez. Kulikuwa na meli za Union-Castle, ambazo hakuna aliyeziona akasahau ubavu wao wa rangi ya zambarau iliyopauka na dohani yao nyekundu, na Africa na Europa za Lloyd Triestino kutoka Italia. Lugha yetu yenyewe inashuhudia jinsi vyombo hivi vilivyoingia katika maisha yetu, kwa sababu neno “meli” tulilipata kwa Waingereza, ambao kwao lilikuwa na maana ya barua. Chombo kilichobeba barua kilipewa jina la mzigo wake, na jina hilo likatosha kwa kila chombo kikubwa kilichofuata.

Mwaka 1968 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Marehemu baba alikuwa karani wa mfanyabiashara aliyeziuzia meli mboga, ndizi, samaki na barafu, na Jumamosi moja alinichukua pamoja naye hadi gatini, ambako Karanja ilikuwa imefunga tangu alfajiri. Kitu cha kwanza nilichokiona kwa karibu hakikuwa meli yenyewe bali kamba zake, nene kuliko mapaja yangu, na kwenye kila kamba sahani kubwa ya bati iliyozuia panya wasipande wala wasishuke. Baba alinishika mkono tukapanda ngazi, na juu nikakuta sakafu ya msaji iliyosuguliwa kwa maji na mchanga mpaka ikawa nyeupe kama mfupa, bado ina unyevu kwenye maungio. Nilivua kandambili bila kuambiwa na mtu. Harufu ilikuwa ya rangi mbichi, mafuta ya mashine, bizari na vitunguu vilivyokuwa vikikaangwa mahali fulani chini ya miguu yangu, na ya shaba iliyokuwa ikisuguliwa na baharia mmoja Mhindi, aliyeinua kichwa akanitazama kisha akaendelea na kazi yake kwa utulivu kama anayemwogesha mtoto. Baba alipokuwa akihesabu makapu na kutiwa sahihi karatasi zake, nilisimama kwenye ukingo nikautazama mji wangu kutoka majini kwa mara ya kwanza. Niliona mapaa ya mabati ya maghala, minazi ya upande wa Likoni, makuli wakivuta mikokoteni, na nikaelewa, kwa namna ambavyo mtoto huelewa bila maneno, kwamba Mombasa ni mahali watu wanapofika kutoka mbali.

Hilo ndilo jambo ninalolililia zaidi. Uzuri wa meli zile naukumbuka, na nitausema: mstari wa sitaha uliopanda taratibu kuelekea omo na kuelekea tezi, kama upindo wa jahazi, ili chombo kiweze kulipanda wimbi, dohani iliyolala kidogo nyuma, mbao na shaba mahali ambapo leo pana plastiki na vioo. Zilikuwa ndogo vilevile. Uganda ilikuwa na ukubwa wa tani zipatazo 14,000 na ilibeba abiria 300 hivi, ilhali Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ina tani 248,663 na huweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Hata hivyo ukubwa si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba meli zile zilikuwa zikienda mahali. Aliyepanda London alisafiri takriban wiki tatu kabla ya kuiona Mombasa, akapita Bahari ya Shamu na joto lake, akazungumza na jirani yake wa mezani mpaka wakajuana kwa majina ya watoto, na alipofika alikuwa ameshafika kweli, mwili na akili. Meli ya leo huzunguka na kurudi ilikoanzia, nayo bandari imekuwa kituo cha saa chache; abiria hushuka asubuhi wakapakiwa kwenye mabasi kwenda Tsavo au Fort Jesus, na jioni nanga inang'olewa.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa kumbukumbu isiyoutaja haina ukweli. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika habari hii neno lao nalichukua kama lilivyo. Tukimaliza kusifu saluni, yaani kumbi, za daraja la kwanza, pamoja na piano yake na vitambaa vyake vyeupe vya meza, ni lazima tushuke ngamani, tumboni mwa chombo, kwa sababu huko chini na kwenye sitaha za wazi ndiko walikosafiri wengi wa abiria wa Kampala na Karanja: wenye maduka wa Kihindi na mafundi, wajane, bibi harusi waliokuwa wakienda kwa waume wasiowajua vizuri, waliotandika mikeka na magodoro yao wakakumbatia masanduku yao ya bati. Picha za matangazo ya zama zile zilionyesha Wazungu wakinywa vinywaji chini ya miavuli, na Mwafrika akionekana basi alikuwa amebeba mzigo. Ubaguzi ule ulipangwa kwa ngazi na milango, na daraja za tikiti zilikuwa pia daraja za rangi za watu kwa kiasi kikubwa. Nazipenda meli zile nikijua hayo yote, na kwa sababu hiyohiyo nataka kumbukumbu zake ziandikwe na watu wa sitaha na wa gati, wasiachiwe waliokaa saluni peke yao.

Kilichoziua kinajulikana. Ndege ya jeti aina ya Comet ilianza kubeba abiria kutoka London kwenda Johannesburg, ikipitia Entebbe, mwezi Mei 1952, yaani wakati uleule rangi ya meli ya Uganda ilipokuwa bado mpya. Kisha Juni 1967 vita vya Israeli na Waarabu vikafunga Mfereji wa Suez, na haukufunguliwa tena hadi Juni 1975. Meli ya kutoka Ulaya ikalazimika kuizunguka Afrika nzima, na hesabu za kampuni hazikukubali. Meli ya Kenya ilivunjwa mwaka 1969. Kampala ikaifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Karanja ikauzwa India mwaka 1976 ikapewa jina jingine. Kenya Castle ya Union-Castle ilidumu sana, kwa kuwa Wagiriki waliinunua mwaka 1967 wakaiita Amerikanis, nayo ikafanya kazi ya utalii miaka mingi kabla ya kuvunjwa mwaka 2001.

Habari ya meli ya Uganda ndiyo inayonigusa zaidi. Badala ya kuuzwa kama chuma chakavu, iligeuzwa kuwa meli ya safari za masomo, ikawapeleka wanafunzi wa shule katika bandari za Mediterania, na mwaka 1982, wanafunzi wakiwa ndani yake, serikali ya Uingereza iliitaka kwa ajili ya vita vya visiwa vya Falklands, dhidi ya Argentina. Watoto walishushwa Naples, chombo kikachorwa misalaba myekundu ubavuni, na kumbi zile zikajaa vitanda vya majeruhi. Mwaka 1986, ilipopelekwa Taiwani kuvunjwa, tufani iliivuta kutoka mahali ilipofungwa ikaitupa ufukweni, ikalala ubavu. Meli iliyokuwa imebeba jina la jirani yetu kwa miaka zaidi ya thelathini haikupata hata kwenda kwenye kifo chake kwa utaratibu.

Zilizobaki duniani zilimalizwa na kanuni za usalama baharini, ambazo kuanzia Oktoba 2010 hazikuruhusu tena meli za abiria za safari za kimataifa zijengwe ndani kwa mbao na vifaa vingine vinavyoshika moto. Kanuni hiyo siilaumu. Dara, ya kampuni ileile ya British India, ililipuka na kuungua katika Ghuba ya Uajemi mwezi Aprili 1961 wakafa watu 238, na Achille Lauro iliungua na kuzama nje ya pwani ya Somalia mwaka 1994. Uzuri wa mbao haulingani na roho ya mtu.

Hapa kwetu tulipata faraja fupi katika miaka ya 1990, wakati Royal Star, chombo kilichojengwa Italia mwaka 1956 kwa jina la San Giorgio, kilipofanya Mombasa kuwa nyumbani kwake na kuwapeleka watalii visiwani. Baadaye wakaja maharamia. Seabourn Spirit ilishambuliwa nje ya Somalia tarehe 5 Novemba 2005 ikiwa njiani kuja Mombasa, ikageuza na kwenda Shelisheli, na kwa miaka mingi gati letu likawa halina wageni.

Sasa wageni wanarudi, na katika bandari ya Kilindini kimejengwa kituo kizuri cha kuwapokea. Nimefurahi kwa moyo safi. Ninachokiomba ni kwamba kituo hicho kiwe na ukuta mmoja, ukuta mmoja tu, wa meli zilizotangulia: picha zao, ratiba zao, tikiti za sitaha, kengele ikipatikana, na sauti za watu waliozihudumia. Rotterdam, Uholanzi, wameihifadhi meli yao ya mwaka 1959 na watu hulala ndani yake. Dubai wanayo meli ya QE2, yaani Queen Elizabeth 2. Na jirani zetu wa Tanzania wanayo Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa, ikaibuliwa na kuendelea kuhudumu Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Sisi hatukubakiwa na chuma chochote, kwa hiyo karatasi na sauti ndizo akiba yetu, nazo zinakwisha. Niliwahi kufika katika ofisi moja hapa mjini nikakuta makasha ya picha na daftari za mizigo yakisubiri gari la taka, na nilipoomba niyachukue nilijibiwa kwamba yameshaandikiwa kutupwa.

Kwa hiyo nimeanza kwa uwezo wangu. Katika mtaa wetu yuko mzee aliyekuwa baharia wa boti ya rubani, aliyezifuata meli hizi nje ya mwamba wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, akashika ngazi ya kamba ili rubani apande. Yeye alizijua kutoka chini, ubavu kwa ubavu, na bado anaweza kuitambua kila moja kwa honi yake. Huiigiza kwa koo, kisha husubiri nitaje jina. Kila Ijumaa baada ya sala tunakaa barazani kwake nikamrekodi kwa simu. Ijumaa iliyopita aliniagiza nimtafutie picha ya Karanja iliyopigwa kutoka ubavuni, kubwa, isiyo na ukungu, kwa sababu anataka kunionyesha mlango hasa ilipokuwa ikiteremshwa ngazi, na alama iliyobaki kwenye rangi pale boti yao ilipogonga.