Kadogo Aliyetekwa Anahitaji Zaidi ya Mihadhara

Sisi wa Kigoma, ambao ng'ambo ya ziwa letu ni Uvira, Fizi na Kalemie za Kongo, hatuwezi kulijadili suala la askari watoto kama habari ya mbali. Mwaka 1996 vikosi vya waasi vya Laurent Kabila vilipoanza safari ya kuelekea Kinshasa vikiwa na makadogo, yaani askari watoto, safuni, kambi ya Nyarugusu ilikuwa inafunguliwa wilayani Kasulu kuwapokea Wakongo waliokuwa wakiikimbia vita hiyo.

Kanuni za Paris za mwaka 2007, mwongozo wa kimataifa kuhusu askari watoto, zinataka askari mtoto aliyekamatwa vitani ahesabiwe kwanza kuwa aliyedhulumiwa, na akabidhiwe upesi kwa taasisi za kiraia. Naliafiki hilo bila kusita. Kinachonitatiza ni kinachofuata. Nchini Kongo mtoto hupelekwa kituo cha mpito kwa takribani miezi mitatu, akapata ushauri nasaha, michezo na masomo huku ndugu zake wakitafutwa, kisha hurejeshwa kijijini, ambako pengine kundi lililomchukua bado ndilo linalokusanya ushuru barabarani. Kumhubiria amani na kumrudisha hapo ni kulikabidhi kundi hilo askari aliyepumzika.

Walimu nao hukosea wanapomchukulia kadogo aliyerudi kama mtoto mdogo. Kijana wa miaka 15 aliyewahi kuongoza wenzake doria ya usiku, ukimkalisha darasa la pili, magoti yakigonga dawati, jirani yake mtoto wa miaka minane, atatoroka kabla ya kengele ya uji. Tanzania tulianzisha MEMKWA kwa waliokosa shule, yaani masomo yaliyofupishwa kwa wenye umri mkubwa. Mpango wa namna hiyo ungemfaa zaidi kuliko mihadhara ya uzalendo, ambayo alikwisha kuishiba porini.

Wasichana ndio wanaosahaulika kabisa. Huko Sierra Leone, mipango ya kupokonya silaha ilidai bunduki mkononi kama tiketi ya kuingilia, ilhali wapishi, wapagazi na waliolazimishwa kuwa wake za makamanda wengi hawakuwa nayo. Wengi wao walirudi nyumbani na watoto mgongoni, bila msaada wa mipango hiyo.

Wengi wa vijana hawa hufundishwa useremala au ushonaji, na baadhi huondoka na cheti tu. Wafadhili wanapotoa taarifa za semina na idadi ya waliohudhuria, waulizwe pia ni vyerehani vingapi bado vinashona baada ya mwaka mmoja, na viko mikononi mwa nani.