Bahasha ya Upupu

Abiria niliyeketi naye alikuwa msikilizaji bora kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Matatu ilikuwa imekwama Westlands, Nairobi, na mimi nikifika pale siwezi kunyamaza. Nilimwonyesha ule mugumo wa Waiyaki Way ulioponea chupuchupu mwaka 2020, wakati barabara ya juu ilipokuwa ikijengwa, hadi amri ya rais ikatoka usikatwe. Nikamweleza kwamba kwa Wakikuyu huo ni mti wa Mungu, na kwamba sisi tumekua tukiambiwa mwanamume akiuzunguka mara saba anageuka mwanamke.

"Na akizunguka akirudi nyuma?" akauliza.

Swali hilo halijawahi kumjia hata msimamizi wa tasnifu yangu! Nikageuza shingo niutazame mti vizuri huku nikitafuta jibu. Nilipolipata, kijana alikuwa ameshashuka na mkoba wangu.

Mkobani mlikuwa na laptopu yenye sura mbili za tasnifu, daftari, na mimea niliyokuwa nikiipeleka kwenye hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa majina yake yakathibitishwe. Mimi si mwanasayansi. Ninasoma uzamili wa fasihi, na ninaandika juu ya mimea ya wachawi katika ngano za Ulaya na za kwetu. Ila watahini hawakubali "jani fulani chungu". Wanataka jina la Kilatini. Basi nilikuwa na mtunguja, muarubaini na gome la muthiga, kila kimoja kimelazwa ndani ya gazeti na kubandikwa kikaratasi chake. Juu ya hayo palikuwa na bahasha moja ya kaki, nene, imefungwa kwa gundi pande zote.

Kituoni kwa polisi afisa wa zamu alifungua OB, kitabu cha kuandikia matukio, na kuandika "laptopu" bila shida.

"Kingine?"

"Magome. Maganda ya upupu. Na daftari la wachawi."

Kalamu ikasimama. "Madam, wewe umekuja kushtaki au kujisalimisha?"

Nikamtuliza kwa kumwambia asijali, Sheria ya Uchawi naijua vizuri, Sura ya 67, ya mwaka 1925, nimeisoma kifungu kwa kifungu. Akasogeza kiti nyuma kidogo.

Jioni hiyo hiyo simu ikalia. Namba yangu niliiandika kwenye jalada la daftari, kwa mwema yeyote atakayeliokota.

"Sista, ni mimi wa mugumo." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nimekosa. Toa hiyo kitu umeniwekea. Mikono zinawaka!"

Kumbe alidhani bahasha ya kaki ni pesa, akaingiza mkono wote. Sasa, ganda la upupu limefunikwa vinyweleo ambavyo jicho halivioni vizuri, na ndani yavyo mna kimeng'enya kinachofanya ngozi iwashe kama imepakwa moto. Ukijikuna unavisambaza. Alikuwa amevisambaza hadi shingoni, na kutoka shingoni kwake vikahamia kwa mke wake, ambaye hakuwa na habari ya wizi wowote.

Bado angevumilia, lakini akafungua daftari. Nilikuwa nimechora mandragora, mzizi wenye umbo la mtu. Zamani huko Ulaya walisema ukiung'oa unapiga ukelele, na aliyeusikia anakufa. Kwa hiyo mbwa ndiye aliyefungwa kamba ili auvute yeye. Mwingereza mmoja, John Gerard, aliucheka uvumi huo mwaka 1597: yeye na watumishi wake walikuwa wameichimba mingi na hakuna aliyekufa. Hiyo sehemu ya Gerard ilikuwa ukurasa wa pili. Mwizi hakufika huko.

"Sista, huyo mtu umefunga kwa mbwa... ni mimi?"

Nilimwelekeza kwangu Kangemi. Nilitarajia mtu mmoja na mkoba. Alikuja na mke, mama yake, mjomba, na kuku. Ploti nzima ikatoka nje. Hata soja aliacha geti wazi.

"Mwanangu ni mjinga," mama akasema, "lakini nina huyo tu."

Nikawaeleza taratibu kuhusu vinyweleo, kimeng'enya, na kwamba hakuna uchawi hapo hata chembe. Walinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Tumesikia, daktari," mjomba akasema. "Sasa anza."

Nikaleta seloteipu. Ndiyo njia rahisi: unabandika kwenye ngozi, unabandua, vinyweleo vinatoka nayo. Kila nilipobandua kijana alipiga yowe, na majirani wakanong'onezana kwamba kinatoka. Baada ya muda mwasho ukaanza kupungua, lakini mama hakuridhika.

"Na maneno? Hakuna maneno?"

Nilikumbuka kifungu cha 2 cha ile Sheria ya Uchawi: anayejidai ana nguvu za kimiujiza za kuwatia watu hofu, kifungo kisichozidi miaka 5. Nikakumbuka pia kwamba laptopu bado iko mikononi mwa mjomba. Nikatwaa magazeti yangu na kuanza kusoma vikaratasi.

"*Azadirachta indica!*"

"Amina," wakaitikia.

"*Solanum incanum! Warburgia ugandensis!*"

"Amina!" Soja alikuwa amevua kofia.

Laptopu ikarudi, daftari likarudi, kuku akabaki. Tangu siku hiyo kwenye foleni ya maji napishwa mbele bila kuomba, na jirani wa mlango wa pili amehamisha kamba yake ya nguo. Soja alinijia usiku akitaka kitu kidogo tu cha kumsahaulisha mwenye nyumba tarehe ya kodi.

Kisa chote nilikiweka katika sura ya nne. Msimamizi alikirudisha kikiwa na maandishi mekundu pembeni: "Kuku ni malipo kutoka kwa mhojiwa. Kamati ya maadili imearifiwa? Ambatisha picha ya kuku."

Na kuku, jamani, tulimla Jumapili.