Mbege Haitaki Chupa

Rafiki yangu wa Dar alikuja Moshi na swali moja: wapi atapata bia ya kiwanda kidogo, inayopikwa papo hapo, na kitu cha kutafuna? Nikampandisha Hiace ya Kibosho, twende kilabu cha mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi. Alidhani namtania.

Kilabu chenyewe ni mabati na mabenchi manne ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, migomba imeinamia paa. Mama muuzaji alijaza kata, akapiga funda la kwanza mwenyewe kama desturi inavyotaka, ndipo akatukabidhi. "Itikise kwanza mwanangu, ulezi umelala chini." Rafiki yangu hakutikisa. Akanywa ya juu, akasema mbona nyepesi. Alipofika chini akakutana na uji, chenga zikamganda kwenye masharubu.

Kuna wanaotaka mbege itiwe kwenye chupa iuzwe supamaketi. Mimi hapana. Ndizi mbivu huchemshwa mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa. Ulezi nao huloweshwa uote, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji ambao Wachaga wanauita mso. Vikishakutana, pombe haitulii tena. Leo ina utamu wa ndizi, kesho imechangamka, keshokutwa inakunja uso. Kila mnywaji ana siku yake. Mimi ni wa siku ya pili. Sasa ukiichemsha ili ikae miezi rafuni, siku ya pili yangu umeipeleka wapi?

Halafu kuna msesewa. Hilo ni gome la mti linalotia uchungu, kazi ileile ya hopsi kwenye bia ya shayiri. Baa moja pale mjini waliniletea mbege tamu kama juisi. Nilipouliza, nikaambiwa wageni hawapendi uchungu. Nililipa, sikumaliza. Mgeni asiyependa uchungu si aagize soda?

Kuhusu kitafunio, nilikosea mimi. Niliagiza kilo nzima ya kitimoto na ndizi za kuchoma, nikasahau kwamba mbege yenyewe ni chakula. Kata ya pili ilipoisha tulikuwa tunaitazama nyama tu, ndimu na pilipili zimekauka kwenye sinia. Mzee wa benchi la pili alitusaidia bila kubembelezwa. "Aika," akasema, yaani asante kwa Kichaga, akavuta sinia upande wake.

Wakati wa kuondoka rafiki yangu alitaka ya kupeleka nyumbani. Mama akamjazia dumu la lita tano, akamwonya mara mbili asikaze kifuniko. Kesho yake mchana akanipigia simu, basi likiwa Mombo. Alikuwa amekikaza, akiogopa isimwagike. Kifuniko kimeruka, abiria wa mbele analowa, na kondakta anauliza nani kapanda na pombe.