Nauli ya Kila Mwaliko

Fomu ya kujiunga na SACCOS yetu ina mahali pa barua pepe, na pana nyota nyekundu: usipojaza, hupiti. Mtu ukimlazimisha kujaza, atajaza. Wapo walioandika namba ya simu wakaipachika @ katikati. Wapo wa "gmail,com" na wapo wa "gmail.con". Mama mmoja anayeuza samaki Feri alijaziwa "muulizenimwanangu@", basi, kompyuta ikaridhika.

Ulipokaribia Mkutano Mkuu wa mwaka, kijana wetu wa kompyuta akatangaza kwamba mambo ya kutuma bodaboda na bahasha yamekwisha, ametengeneza programu ya kutuma mialiko kwa barua pepe. Orodha ikapangwa kwa alfabeti, akabonyeza. Programu ikaenda vizuri mpaka ikakutana na gmail,com ya kwanza, ikakata roho. Badala ya kumruka huyo mmoja iendelee na wengine, ikalala chali na orodha nzima. Kijana akarekebisha ule mkato, akabonyeza tena. Kwa kuwa haikuwa inaweka alama kwa waliokwisha kutumiwa, ikaanzia A. Ikafia mbele kidogo. Akarekebisha, akabonyeza, A tena.

"Sasa hawa wa A si wanapata kila mara?" nikamuuliza.

"Dada, huo ni msisitizo."

Zilizofanikiwa kutoka nazo zikaanza kurudi. Mwenyekiti akaniita ofisini, uso umemvimba. "Huyu Mailer-Daemon ni mwanachama wa tawi gani? Tangu asubuhi ananijibu Kiingereza, na kila barua anaikataa!"

Nikamweleza kuwa hiyo ni seva inarudisha barua. Ikisema 450, ujue kuna kikwazo cha muda, jaribu baadaye. Ikisema 550, mara nyingi sanduku hilo halipo kabisa, mfute. Mwenyekiti akatafakari, akaagiza wote watumiwe tena, maana huenda hata hao wa 550 wamebadili mawazo.

Hatimaye kijana akaitengeneza inavyotakiwa: anwani mbovu inawekwa kando, wengine wanaendelea kupata, aliyetumiwa anawekewa alama. Hapo nampa maua yake. Ila akaongeza na geti la kwake mwenyewe, kwamba anwani yenye nukta zaidi ya moja baada ya @ ni batili. Mhazini wetu anatumia ya kazini kwake, inaishia .co.tz. Akawekwa kando kimya kimya, kwenye faili ambalo hakuna aliyeambiwa kulifungua.

Siku ya mkutano akaingia mzee mmoja ambaye jina lake linaanza na A, kakumbatia rundo la karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na mialiko yangu."

Kila mwaliko umeandikwa chini: mwanachama atakayehudhuria atalipwa nauli shilingi 10,000. Akalowesha kidole, akaanza kuipanga mezani kama karata. "Tarehe ni moja, sawa, lakini barua si moja. Na kuchapa nimelipa mwenyewe."

Nikampeleka kwa mhazini, aliyekuwa amenuna pembeni; alikuja tu kwa sababu ufunguo wa kasha anao yeye. Akaitazama ile mialiko mmoja mmoja, akashusha miwani. "Mimi hata mmoja sijapata, halafu nilipe hii yote?"

Mzee akamhurumia. Akachomoa mmoja, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua huu uingie nao, mwanangu. Ila nauli yake niachie."