Sanamu imesimama, lakini mshono umeshika?

Walimu wa uchomeleaji hubishana: kijana aanze kwa kupiga mishono ya mazoezi juu ya bapa la chuma, au apewe lundo la vyuma chakavu aunde sanamu tangu wiki ya kwanza?

Wanaotetea sanamu wana hoja nzito. Mistari hamsini iliyonyooka huchosha, na kijana aliyechoka haangalii tena dimbwi la chuma kilichoyeyuka, anafuata mwanga tu. Ndege wa vyuma humlazimisha kuchomelea kwa kupandisha, kwa ubavu na kwa kutazama juu. Humfundisha pia kwamba joto huvuta: ukimaliza upande mmoja wa shingo, inapinda kuelekea huko, hivyo ishikize kwanza pande zote kwa vidoa, yaani vimishono vifupi vya kushikilia tu. Na sanaa hii ina damu ya kiwandani. Mchongaji Mhispania Julio González alijifunza kuchomelea kwa gesi katika kiwanda cha Renault mwaka 1918, na miaka kumi baadaye akaanza kumsaidia Picasso kuunda sanamu za chuma.

Shida ni kwamba sanamu huficha makosa. Kiti kibovu humwangusha mtu. Bawa hubeba uzito wake tu. Elektrodi (fimbo ya kuchomelea) ya aina ya E6013, yenye unene wa milimita 2.5, hutaka ampea 70 hadi 90. Mwanafunzi anayeogopa kutoboa huweka 50, elektrodi inanata, anaiinua, na chuma kinadondoka juu ya bapa ambalo halijayeyuka. Ukigonga gamba linalofunika mshono unakuta mshono umetuna kama mnyoo, juu unang'aa, chini haukushika. Grainda na rangi humalizia kuuficha.

Nyundo haidanganyiki. Simamisha bapa la milimita 4 juu ya jingine, chomelea upande mmoja tu, bana kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), kisha kwa nyundo lilaze lile lililosimama kuelekea upande wenye mshono. Likivunjika na ukingo wa bapa bado unaonekana mzima ndani, joto halikufika kwenye kona. Ukiona weusi umenasa, ni gamba la mshono wa awali ambalo halikusafishwa, au mkono ulienda ovyo gamba likatangulia chuma.

Lundo lenyewe lina mitego pia. Springi na gia zina kaboni nyingi: kando ya mshono hupoa haraka, hugeuka ngumu kama kioo na kupasuka, pengine kazi ikiwa imeshapoa. Chuma kilichopakwa zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa saa kadhaa baadaye, nyumbani, ambako hakuna atakayekumbuka karakana. Shokapu, ambazo wachongaji huzipenda kwa umbo lake, zina mafuta na mara nyingi gesi ndani; zikipashwa moto zinaweza kulipuka. Hizo zisiingie darasani kabisa.

Kwa maoni yetu sanamu ije mapema, hata wiki ya pili, ila baada ya kijana kuvunja kiungo cha chuma alichokichomelea mwenyewe na kueleza alichokiona ndani. Ya kwanza iundwe kwa mabaki ya bapa na nati zisizo na zinki. Nafasi kati ya meza zizibwe kwa pazia la kuchomelea, maana wanaozunguka sanamu husahau barakoa, na macho huanza kuwasha usiku kana kwamba yamejaa mchanga. Na isipakwe rangi.